Samaki Mwenye Miiba Mingi

Samaki mbichi hataki fujo. Nimechoka kuona watu wanamzika ndani ya vitunguu, nyanya za kopo na vile vidonge vya supu, mpaka mlaji hajui kama anakula samaki au kuku. Kambale mwoshe kwa majivu na maji ya moto mpaka ule utelezi utoke, mchemshe kwa chumvi na kitunguu, umalizie na mawese kidogo. Tilapia mkaange mzima, na mafuta yawe yamechemka kweli. Vidagaa vibichi vifunge kwenye majani ya mgomba, uviweke juu ya makaa na uende zako ukafanye kazi nyingine.

Lakini kuna yule mwenye meno ya nje, anayeishi kwenye maji ya kasi ya Lualaba. Yeye ndiye mtamu kuliko wote, na ana miiba kuliko wote. Mkate mbavuni kwa kisu, mistari ya karibukaribu, mpaka usikie miiba inakatika. Mpake chumvi, mbabue kwenye makaa ngozi ishike rangi, halafu mtie kwenye sufuria pamoja na nyanya. Mwisho kabisa mwagia maji ya lumanda, yale majani yenye uchachu, ukiwa umeyachemsha na kuyachuja. Usikoroge, tikisa sufuria tu. Anayekoroga samaki kwa mwiko anapika uji.

Haya yote alinifundisha mama. Alizaliwa kaskazini, kwenye yale maziwa ambayo Lualaba inapita, na kwao samaki huyo analiwa kimya. Watoto tukianza kuongea mezani, alitupiga kofi la mkono kwanza na kutueleza baadaye, maana mwiba haungoji mtu amalize hadithi.

Mume wangu hakumpenda samaki huyo hata kidogo. Alipenda kambale kwa sababu hana miiba midogo, na mimi nilimtania kwamba ni uvivu wa mdomo. Alikuwa mtu wa asili ya Kasai. Babu yake aliletwa Katanga kuchimba shaba, baba yake akachimba pia, na yeye mwenyewe alizaliwa Kolwezi, akasoma Kolwezi, akawa karani hapohapo. Mimi ni Mluba wa Katanga, yeye Mluba wa Kasai. Siku ya harusi yetu watu walisema ni mkono wa kushoto umeshika wa kulia.

Jambo moja kwao na kwetu lilikuwa sawasawa, nalo ni heshima ya mkwe. Mwanamume hali mbele ya mama mkwe wake, wala mama mkwe hali mbele yake. Wakikutana njiani, mmoja anapisha. Wakiwa na neno, wanalipitisha kwa mtu wa katikati, na mtu wa katikati nilikuwa mimi. Ndiyo maana tangu tuoane mume wangu alifika nyumbani kwa mama, mtaa mwingine wa Kolwezi, siku za msiba wa baba yangu tu, akakaa nje na wanaume wengine, akarudi Dilala tulikokuwa tunaishi.

Kisha ukaja ule mwaka mbaya. Kampuni ya shaba ilikuwa inaanguka. Mashine zilinyamaza moja baada ya nyingine, unga wa wafanyakazi ukakoma, na katika njaa ile watu wakaanza kuambiwa kwamba shida zote zimeletwa na watu wa Kasai, warudi kwao. Kwao mume wangu hakuwahi kukuona hata kwenye picha. Familia nzima zililala kwenye stesheni zikingoja mabehewa, na waliotoka huko walisimulia juu ya watoto waliozikwa kando ya reli. Nikaapa kwamba mume wangu hatapanda gari lile. Sikuwa na wazo lingine kichwani, na sikutaka kusikia wazo la mtu mwingine.

Walipotutoa katika nyumba ya Dilala, watoto tulikuwa tumeshawapeleka Kisenge kwa dada yangu. Baba mkwe, mzee aliyestaafu mgodini, alikuwa bado kwenye nyumba yake nyuma ya shule, upande mwingine wa mji. Alikataa kutoka. Alisema shaba ameichimba yeye, anayetaka kumtoa aje na koleo. Mume wangu alitaka twende kukaa naye. Mimi nikasema tunaenda kwa mama, kwa sababu mtaa ule hakuna atakayemkumbuka uso tangu ule msiba. Nilishinda mimi, kama kawaida yangu.

Nyumba ya mama ilikuwa na vyumba viwili na kibanda cha jiko nyuma. Mume wangu alikaa chumba cha mbele, mlango umerudishwa. Mama alihamia jikoni. Akitaka kuvuka uwanja alikohoa kwanza, na mume wangu, aliyekuwa amejificha asiuawe, aligeuza uso ukutani ili asimwone mama mkwe wake akipita. Mama alisema kwa sauti, "Mwambie mkwe wangu asifungue dirisha," na yule bwana, ambaye alisikia kila neno, alingoja mpaka niingie nimkaririe. Nilikasirika. Nilimwambia mama kwamba wale wanaotufukuza hawana habari na heshima zetu. Mama alinijibu taratibu kwamba wakituondolea na hiyo, watakuwa wametumaliza.

Siku moja mchana alipita muuza samaki na baiskeli, ametoka mtoni. Mji ulikuwa hauna nyama, hauna sukari, hauna chochote, lakini mto haukuwa mali ya kampuni, uliendelea kutoa. Nilivua kitenge changu kizuri nikampa, naye akanipa samaki mmoja mkubwa mwenye meno ya nje, macho yake bado maangavu, matamvua mekundu. Nilifurahi kama mjinga. Nilimkata mbavuni, nikambabua, nikachuma lumanda nyuma ya jiko. Kwa muda ule wote sikuogopa kitu. Mume wangu alinusa akaniuliza kwa unyonge kama hakukuwa na kambale.

Nilipakua sahani mbili, ya mume wangu na bukari yake, ule ugali wetu, chumbani, ya mama na bukari yake jikoni. Ndipo tuliposikia kelele nyumba ya jirani. Vijana wenye fimbo na mapanga walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba, na nikasikia sauti ikisema kwamba binti wa mama wa nyumba hii aliolewa na Mkasai. Ua wetu ulikuwa wa majani, mlango mmoja tu, na wao walikuwa mlangoni.

Mama alisimama na sahani yake. Hakukohoa. Alivuka uwanja, akasukuma mlango wa chumba, akaketi kwenye mkeka mbele ya mume wangu, magoti karibu na magoti. Akamimina samaki wake kwenye sahani ya mume wangu, akamega bukari kutoka kwenye donge lilelile, akachovya. Mume wangu alirudi nyuma hadi mgongo ukagonga ukuta. Mama hakumtazama. Alimwambia kwa sauti ya chini, "Kula, mutoto yangu," na hilo ndilo neno la kwanza alilomwambia uso kwa uso.

Waliingia watatu, wengine wakabaki uwanjani. Mkubwa wao alikuwa kijana aliyekomaa, amevaa koti la kazi la kampuni lisilo lake. Alimsalimu mama vizuri, maana alilelewa, na hilo lilinitisha zaidi. Aliuliza Mkasai yuko wapi. Mama alimjibu kwamba Mkasai alishaenda stesheni na wenzake, na kwamba huyu ni mtoto wake wa kwanza, ametoka kwenye maziwa. Kijana akanigeukia mimi, akaniuliza kama ni kweli mume wangu ameniacha. Nikasema ni kweli, ameondoka na hajaaga. Nilimkana mume wangu huku akimega bukari mbele yangu.

Yule kijana akachuchumaa, akamwuliza mume wangu kwa Kiluba cha kwetu jina la kijiji chake. Kiluba cha Kasai na chetu vinafanana, lakini mtu akifungua mdomo tu, unajua ametoka wapi. Mume wangu alikuwa ametia tonge kubwa kinywani. Alitafuna. Mama akamwondolea mwiba kwenye pande la samaki, kisha mwingine, akalisogeza upande wake wa sahani kama unavyomlisha mtoto aliyeachishwa ziwa.

"Muache amalize kula," alisema. "Kwetu habasemeshake mutu mwenye kuwa na miiba mu kinywa."

Nilisikia mume wangu akitafuna. Alikuwa hajui kula samaki yule, na niliona mwiba umemchoma, kwa sababu machozi yalimjaa machoni, lakini aliendelea. Mmoja wa vijana, aliyesimama mlangoni, alimwambia mkubwa wao kwamba wanapoteza muda. "Mutu na bukwe yake habawezi kula mu sahani moja," alisema. "Uyu ni mutoto yake." Mkubwa wao alitazama mikono ile miwili ndani ya sahani moja, akatikisa kichwa, akakubali.

Nilidhani wataondoka. Badala yake alinyoosha mkono, akachukua kipande cha samaki, akala. Akaniuliza nimempikaje, maana mke wake humharibu. Niliwahi kueleza watu wengi namna ya kupika samaki, lakini si mtu mwenye panga gotini. Nikamwambia habari ya kumkata mbavuni, ya chumvi, ya makaa, ya nyanya. Maji ya lumanda sikumtajia. Kama mke wake anamharibu, na aendelee kumharibu.

Akasimama, akajifuta vidole kwenye lile koti. Akamwekea mume wangu mkono begani.

"Yaya, kesho asubui utatoka na shiye," alisema, akimwita yaya kama kaka yake mkubwa. "Banaume bote ba hapa banatoka. Tutaanzia kule nyuma ya shule, kwiko kazee kamoja kanatusumbua."

Mume wangu alitikisa kichwa kwamba amesikia. Wakatoka, wakaenda nyumba ya pili.

Tulikaa hivyohivyo, sisi watatu, mpaka sauti zao zikawa mbali. Mume wangu aliingiza vidole kinywani, akautoa mwiba, na damu kidogo. Nilianza kusema maneno mengi. Nilisema tutamfunga mguu, tutasema ana homa, tutamtoa kwa njia ya mtoni, baba yake ni mzee na hawatamgusa mzee. Najua nilikuwa naongea kwa hofu, na najua sehemu yangu moja ilikuwa imeshamtoa kafara yule mzee ili nibaki na mume. Mume wangu alimtazama mama, usoni, kama mtu anayemtazama mama yake.

"Mama, mulinifanya mutoto yenu," alisema. "Mi naitika. Lakini kale kazee ni baba yangu. Nikibakia mu nyumba yenu, kesho nitaenda kumufukuza."

Nikamwomba mama amkataze. Nilijua akimkataza atatii, kwa ajili ya ile heshima yao. Mama alikuwa bado na bukari mkononi. Aliirudisha kwenye sahani.

"Kwenda," alimwambia. "Mi siwezi kuzala mutoto ya kufukuza baba yake."

Kisha akaniambia na mimi nifunge mzigo, nimfuate mume wangu, na watoto wa Kisenge atawasimamia yeye na dada yangu. Nilimwambia tuondoke wote. Alisema miguu yake haiwezi, na wale vijana wakirudi asubuhi ni lazima wamkute mtu wa kuwajibu, la sivyo watatufuata njiani jua likiwa bado chini. Alisema hivyo kama anayeniagiza chumvi sokoni. Nilimchukia kwa muda ule, kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Tulimchukua baba mkwe jioni hiyohiyo, tukamkalisha juu ya baiskeli ya jirani yake na kumsukuma mpaka stesheni. Alitutukana njia nzima. Tulipata behewa baada ya kungoja sana, na mzee alifika Kasai akiwa hai, akazikwa huko katika ardhi ambayo aliiita ya ugeni hadi mwisho. Watoto walitufikia baadaye. Mama sikumwona tena.

Habari za asubuhi ile alinisimulia jirani yake, miaka mingi baadaye, niliporudi Kolwezi kulitafuta kaburi la mama. Vijana walikuja kumchukua mtoto wake. Mama akawaambia amekwenda kwa baba yake. Waliulizana, wakaelewa kwamba waliyemwacha akila ndiye Mkasai. Yule mkubwa wao alikuwa na aibu ya kumpiga mama mzee mbele ya watu, basi akampa njia ya kutokea. Alimwambia aseme tu kwamba Mkasai yule alimlazimisha, na nyumba itabaki yake.

Jirani anasema mama alifikiri kidogo, kisha akajibu, "Nilishaka kula naye mu sahani moja. Ni mutoto yangu."

Nyumba waliibomoa kabla ya saa sita.