Sanda ya Bi Mwanabaraka

Nyumba ya Mmanga ilipoungua hapa Msuka, hakikuokoka hata kitambaa. Mkewe Mwatima, aliyejifungua juzi, nilimkalisha uani kwangu, kichanga kikilia ndani ya kanga iliyorowa maji ya kuzimia moto.

Akaingia jirani yetu Bi Mwanabaraka, mkulima wa mwani, na bafta mpya nyeupe. Akaanza kuichana vipande vya kumfunika mtoto. Niliposikia harufu ya kafuri, nikaitambua. Ilikuwa sanda yake, aliyojiwekea kashani miaka yote.

“Subhanallah! Bi, hiyo si sanda yako?”

“Ndiyo. Kwani nafa leo?”

“Na ukifa kesho?”

“Nyote nyie mtashindwa kunipatia nyengine? Hebu nishikie mtoto, baridi inamwingia.”

Nilimpokea, lakini fundo la ile sanda nikamwachia Bi alifunge mwenyewe.