Makala Iliyomuua Eliezer

Tangu tushuke basi pale Saint Paul, nje ya bunge la jimbo, Goretti alinibana mkono mpaka vidole vikafa ganzi. "Dada Philister, wakinicheka je?"

"Nani akucheke? Athubutu!" nikamjibu.

Mwaka huo wa 2019, wabunge wa jimbo walikuwa wanajadili mswada wa kuvizuia viwanda vya umeme visichome makaa ya mawe, ili hewa chafu inayoipasha dunia joto ipungue. Goretti ni mzaliwa wa Bukavu, anafua mashuka ya hoteli, anakaa Hopkins na binti yake Reine mwenye pumu. Kanisani alisikia kwamba mtu yeyote anaweza kusema mbele ya kamati, dakika mbili tu. Akajiandikisha, kisha akanifuata mimi Mkenya, muuguzi, nimtafsirie. Alikuwa na jambo moja ambalo hajawahi kulisema mbele za watu, na hata mimi hakuwa ameniambia.

Jina lake likaitwa. Akasimama. "Mtoto yangu wa kwanza, Eliezer, makala ilimuua. Ni kwa sababu hiyo naomba mupitishe hii sheria."

Uwii, moyo ulinipasuka! Kijana wa magazeti, nikawaza, ameuawa kwa alichoandika. Nikawaambia hivyo kwa Kiingereza, kwa uchungu wote niliokuwa nao. Wabunge wakainamisha vichwa. Mmoja akaweka mkono kifuani. Mwenyekiti akampa pole, akaongeza kwamba leo hawajadili mambo ya magazeti, akamwita mtu mwingine. Nilimkasirikia mwenyekiti yule, we acha tu.

Tulipokaa, Goretti alikuwa analia huku anatabasamu. "Umeona walivyosikitika? Alikuwa na miezi saba tu. Mvua ilinyesha, nikaingiza jiko ndani, nikafunga mlango apate joto."

Miezi saba? Mtoto wa miezi saba ameandika nini?

"Goretti, makala kwenu ni nini?"

"Si ile ya kupikia? Ya miti?"

Mkaa. Haki ya Mungu, mkaa! Moshi ndio uliomuua mtoto, na mimi nimewaambia magazeti.

Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi. Mwenyekiti akatikisa kichwa: muda wetu umekwisha. Nikaunyoosha tena, nikainuka kabisa. Goretti akanivuta sketi.

"Kaa, dada. Wamesikia, inatosha. Sitaweza kuisema mara ya pili."