Vigelegele Kwenye Nyumba ya Maskini

Nyie, nani ashawahi kupiga vigelegele pasipo na harusi? Mimi hapa!

Juzi mjukuu wangu Rukia alinionyesha kwa simu picha ya kale ya nyumba ya maskini ya huku Minnesota, Marekani, wanawake wamepanga mstari, nguo zao sawasawa. Nikacheka, nikamwambia kaa nikuhadithie.

Nilikuwa mdogo, kule Mombasa. Mamangu alinichukua tupeleke chakula nyumba walikowekwa wazee wasio na mtu wa kuwatunza. Palinuka sabuni ya mche na uji ulioungua. Wanawake walikuwa upande huu, wanaume ng'ambo ya ukuta, na wanawake wote wamevaa sare! Basi mie nikajua ni harusi. Nikapiga vigelegele, nikauliza, "Bibi harusi yuko wapi?"

Mamangu akanifinya. Bibi mmoja kibogoyo akamwambia, "Muache mtoto. Bibi harusi ni mimi. Bwana wangu yuko ng'ambo ile, hapa hatuwekwi pamoja. Piga tena mwanangu, asikie."

Nikapiga. Ng'ambo sauti ya mzee ikaitika, "Nipo, Mwanaisha!" Yule bibi akacheka, akajifunika uso na leso. Mie nilidhani anaona haya. Sasa nimezeeka na mume wangu, najua alikuwa analia.

Rukia akamtazama babu yake, kasinzia kwenye kochi. Rukia huyu hunijibu Kiingereza siku zote, lakini hapo akasema, "Bibi, mkienda nyumba ya wazee, wewe na Babu room moja. Mimi itawaambia. Promise."