Kitambaa Chekundu Kwenye Dumu

Baba yangu ni fundi wa misumeno ya mnyororo, ile ya kukatia magogo, na kwa miaka ishirini na sita sijaona mtu wa kumbishia kuhusu injini. Mimi ndiye muuza vipuri wake. Nakaa nyuma ya kaunta, yeye yuko nje kwenye meza iliyolowa oili, na kazi yangu kubwa ni kuwaomba radhi wateja aliowagombeza.

Maana baba ana mdomo. Mtu akileta msumeno uliozimika, hata salamu haitikii. Anafungua silinda, anatazama pistoni, anaanza. "Umekata na mnyororo butu, ukaikandamiza mashine mpaka ikaungua." Au: "Chujio la hewa limejaa vumbi la mbao. Ulitaka ipumulie masikio?" Lakini mafuta ndiyo yaliyomtia hasira zaidi. Injini hizi hazina oili ya peke yake. Oili huchanganywa kwenye petroli, na bila hiyo pistoni na silinda husagana chuma kwa chuma mpaka zikwame. Watu hujaza petroli tupu, au ile ya chupa ya kando ya barabara iliyochakachuliwa, kisha wanakuja kulalamika kwamba mashine ni feki.

Mwishowe alichoka, akaanza kuwachanganyia mwenyewe wakataji wa kiwanda cha mbao. Kila Jumatatu madumu ya lita tano yalipangwa mlangoni, na lililochanganywa lilifungwa kitambaa chekundu kwenye mkono. Ila alikuwa na tabia moja: alifunga kitambaa kwanza ndipo akamimina oili, kwa sababu mikono ikishalowa oili fundo halikazi. Nilimwambia mara mbili kwamba anakwenda kinyume. Akaniuliza kama nataka kumfundisha kuvaa viatu pia.

Mmoja wa wakataji hao alikuwa mdogo wake, baba mdogo wangu, mtu mpole mwenye watoto wanne, ambaye wenzake walimwita Taratibu. Asubuhi moja msumeno wa kiwanda ulikwama mikononi mwake. Msimamizi akauleta kwetu kwa gari pamoja na dumu la mafuta, naye baba mdogo akafuata kwa miguu. Kiwandani pale neno la baba lilikuwa hukumu.

Baba akafungua. Pistoni ilikuwa imechubuka mistari mirefu. "Petroli tupu," akasema.

"Kaka, nimetia ya kwako. Hiyo hapo kwenye dumu."

Baba akakitupia jicho kile kitambaa chekundu. "Ya kwangu ina oili. Wewe umeongeza ya chupa."

"Sijaongeza kitu, kaka."

"Injini haina undugu," baba akamwambia msimamizi, bila kumtazama mdogo wake.

Baba mdogo akafukuzwa siku ileile. Mke wake alikuja kulia kwetu, baba akamjibu, "Shemeji, ulitaka niseme uongo?" Na kweli aliamini kwamba ametenda haki, ndiyo maana alilala usingizi wake wote.

Wiki tatu baadaye nilihitaji petroli ya kuoshea kabureta. Nikachukua lile dumu alilolileta msimamizi, lililokuwa bado kwenye kona, nikamimina kwenye beseni. Oili yetu ni ya kijani, na petroli iliyochanganywa nayo hugeuka kijani. Ile ilikuwa kama maji ya bomba.

Nikambebea beseni. Akalitazama, akaketi. Ndipo alipokumbuka: Jumatatu ile alikuwa amekwisha funga kitambaa, mtu akamwita barabarani asaidie kushusha mashine, na aliporudi akaona kitambaa, akajua kazi imekwisha. Adabu inanizuia kutaja methali ya nyani, lakini ilinijia mdomoni. Kisha nikamtazama alivyoketi, nikamhurumia.

Alifunga duka mchana kweupe. Kiwandani alisimama katikati ya magogo, akawaita msimamizi na wakataji wote, akasema kwa sauti yake ileile ya kugombeza: "Mashine ile niliiua mimi. Nilimpa mdogo wangu petroli tupu, kisha nikamsingizia." Msimamizi akaona haya, akasema mtu huyo arudi kesho.

Tukaenda nyumbani kwa baba mdogo. Tulimkuta anapasua kuni. Baba akamweleza yote, akamwomba radhi, mkubwa kwa mdogo, mbele ya watoto. Baba mdogo akasikiliza mpaka mwisho.

"Kaka, nilipokuambia sijaongeza kitu, ulinisikia?"

"Nilikusikia."

"Ukaamini kitambaa."

Akaokota shoka lake, akaendelea kupasua kuni.

Baba mdogo alirudi kazini. Wanasalimiana, wanakula pamoja, hakuna ugomvi. Lakini kila Jumatatu, wenzake wakija kuchukua madumu yao, yeye huja na petroli yake, hununua kopo la oili kwangu kaunta, akachanganya mwenyewe pale mlangoni, baba akimtazama.