Usukani wa Leonard

Genowefa Pawlaczyk alikuwa mwanamke pekee mjini Ostrów, huko Polandi, aliyekunja mabomba kwa moto. Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake, mzee Walenty, ambaye mchana alishinda kwenye karakana ya mabehewa ya reli, na jioni, ndani ya banda la nyuma ya nyumba yao, akawatengenezea sukani vijana wa klabu ya mbio za pikipiki. Pikipiki zile hazina breki. Huzunguka kuelekea kushoto juu ya uwanja wa makaa yaliyosagwa, na zikifika kwenye kona tairi la nyuma hutupwa pembeni, mpandaji akaenda kiubavuubavu huku vumbi jeusi likiwarukia watazamaji. Wakati huo cha kumwokoa ni mikono yake tu.

Enzi za Walenty usukani ulikuwa mpana na umelala, ncha zimerudi nyuma kama pembe za fahali mzee. Mpandaji alijikunyata juu ya tangi, mguu wa kushoto ukiburuzwa nyuma yake. Kisha vijana wakaanza kuutanguliza mguu mbele na kukaa wima zaidi, na usukani nao ukapanda juu ukiwafuata. Walenty alinung'unika, lakini alikunja. Alilijaza bomba mchanga mkavu, akaziba ncha, akalipasha moto hadi likawa jekundu, kisha akalizungusha taratibu kwenye gogo la mti lisije likabonyea. Genowefa alikua akimshikia ncha ya pili.

Leonard Szymkowiak alipobisha hodi bandani majira ya kuchipua ya mwaka sabini na nne, vidole vya mzee vilikuwa vimeshakakamaa.

"Mzee yuko wapi?" aliuliza.

"Vidole vimemgomea. Nakunja mimi."

"Wewe? Ukinikosea nitaenda kuukumbatia ukuta, unajua?"

"Ukiukumbatia ukuta usimsingizie mtu. Panda pikipiki yako hapo. Fumba macho, halafu nyoosha mikono kama unataka kumshika mtu."

"Nimshike nani?"

"Hayo yako. Fumba macho."

Mkono wake wa kushoto ulisimama juu kidogo kuliko wa kulia, maana bega lile liliwahi kuvunjika akiwa mdogo. Genowefa aliweka alama za chaki mikono ilipoishia, akakunja usukani wenye mshikio wa kushoto ulioinuka kidogo. Wenzake Leonard walimcheka kwamba amepanda mbuzi mwenye pembe moja. Jumapili iliyofuata akawaacha wote nyuma.

Tangu hapo kila mwaka theluji ikiyeyuka alikuja. Mwaka mmoja alitaka usukani mrefu, kwa kuwa Wadenmaki walikuwa na mrefu. Mwaka mwingine alitaka mwembamba. Mwaka sabini na tisa walipata ule uliomkaa kuliko zote: wa wastani, umeinuka, ncha zimegeuka nyuma kidogo tu. Walenty aliushika, akaugeuzageuza, akasema, "Haya, huu ni usukani." Kwa Walenty hiyo ilikuwa sifa kubwa mno. Jioni ile Leonard alibaki hadi wakala keki ya jibini iliyookwa na mama yake Genowefa, na alipoaga alimshika Genowefa mkono wenye masizi, akachelewa kuuachia. Naye hakuuvuta.

Mwaka themanini na moja Leonard alichukuliwa na klabu moja ya Uswidi. Siku ya kuondoka alikuja bandani na kofia mkononi.

"Gienia," alimwita Genowefa kwa jina lake la kifupi, "twende wote. Kule wanataka fundi. Nimeshawaambia habari zako."

"Umewaambia wao kabla yangu?"

"Nilijua ukisikia kwanza utakataa."

"Leon, baba hawezi hata kufunga vifungo vya shati."

Leonard alitazama chini. "Basi msimu ukiisha nitarudi tuongee vizuri."

Msimu ulipoisha alikuwa bado huko akimalizia mikataba, na majira ya baridi yale wanajeshi wakashika nchi ya Polandi na kufunga mipaka. Walenty akapooza upande mmoja. Genowefa alimlisha, akamgeuza, akamnyoa ndevu, na katikati ya hayo yote akakunja sukani za watu wengine. Baada ya miaka kadhaa akasikia kwa watu uwanjani kwamba Leonard ameoa. Alikuwa anamenya mbegu za alizeti. Akaendelea kumenya.

Walenty alishazikwa na mipaka ilishafunguliwa Genowefa alipopanda basi, kisha meli, akaenda Uswidi. Majirani aliwaambia anakwenda kutafuta kazi. Leonard alikuwa anakaa kwenye mji mdogo uliozungukwa na misonobari. Mkewe, Gunnel, mama mpole mwenye kicheko cha haraka, alimkaribisha kwa kahawa na mikate ya mdalasini, akawaacha wazungumze Kipolandi chao.

Gereji ya Leonard ilikuwa safi kama zahanati. Kwenye pikipiki ulikuwa umefungwa usukani wa mtindo mpya: mpana, bapa, umenyooka karibu kama ubao, wa kumfanya mtu atanue viwiko kama mbawa. Pembeni palikuwa na maboksi ya sukani nyingine kama huo.

"Unakuja umeshakunjwa kiwandani," Leonard alisema. "Ukivunjika unafungua boksi jingine. Zote sawasawa."

"Na bega lako?"

"Bega ndilo linalojirekebisha."

Genowefa alipitisha kiganja juu ya mshikio wa kushoto. "Huu uko chini kwako."

"Najua. Nimeshazoea, Gienia."

Kutoka jikoni ilisikika redio, na Gunnel akiimba pamoja nayo.

"Ningemngoja hata baba yako apone," Leonard akasema ghafla.

"Hakupona."

"Najua. Niliambiwa."

Jioni walikwenda uwanjani, Genowefa na Gunnel wamefunikwa blanketi moja miguuni. Leonard alikuwa wa tatu. Kila akiingia kwenye kona bega la kushoto lilizama, na Genowefa alijikuta anainua la kwake. Gunnel aliona, akamtazama kwa muda mrefu, kisha akalivuta blanketi kuelekea upande wa Genowefa.

Aliporudi nyumbani, hata wapandaji wa Ostrów walikuwa wameanza kuagiza sukani za maboksi. Alilifungua upya banda kwa kukunja mikono ya kushikia ya ngazi na mageti, akaishi kwa kazi hiyo na akaishi vizuri. Hakuolewa. Kila Krismasi hupokea kadi kutoka Uswidi yenye sahihi mbili.

Jumapili za mbio bado yuko kwenye kona ya kwanza. Kina mama wa jirani humuuliza, katika mitindo yote aliyoiona, upi ulikuwa bora.

"Ule wa sabini na tisa."

"Ulikuwa na nini?"

"Ulikuwa mzuri tu," husema, na geti la kuanzia mbio likinyanyuka husimama ili aione mikono ya wapandaji wakipita.