Sabuni ya Kutu, Sabuni ya Nguo

Uhuru ulipoingia, baba yangu alichimba kisima nyuma ya nyumba yetu Msambweni, akasema sasa hatuombi maji kwa mtu. Wallahi alikipenda kisima kile! Mgeni hakukaa barazani kabla ya kunyweshwa kata moja ya maji yake. Na ole wako useme maji yana kutu. Nayo yalikuwa nayo: yakitoka ni meupe, yakikaa ndooni yanageuka rangi ya chai ya mkandaa, isiyo na maziwa, na nguo nyeupe ikifuliwa humo inatoka na mabaka.

Mama hakubishana naye. Alikuwa akikwangua sabuni ya mche ndani ya beseni la maji, akayapiga kwa kiganja mpaka sabuni ikashikana na ile kutu, ikapanda juu povu zito la kahawia. Povu hilo akalikomba kwa upawa, akalitupa migombani. Maji yaliyobaki ndiyo ya kufulia. "Sabuni ya kwanza ni ya kutu," alikuwa akituambia sisi mabinti, "ya pili ndiyo ya nguo."

Asubuhi ya nikahi yangu alikuwa akiyasafisha maji ili aifue kanzu ya baba, ile moja ya heshima, ambayo angeivaa kuniozesha. Akaitwa jikoni kuonja pilau. Baba akapita, akaona upawa umejaa povu.

"Mke wangu, sabuni yote hii unaitupa?" akapaza sauti.

"Hiyo imekwisha kazi, bwana! Usiiguse!"

"Imekwisha vipi na ingali inatoa povu?"

Basi akachutama mwenyewe, bahili wangu mpenzi, akalipaka povu lile kwenye kifua cha kanzu, akasugua kwa bidii. Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi. Mama aliporudi, alikuta baka la kahawia kifuani, pana kama kiganja.

"Lo! Utamwozesha mwanangu na hili?" Mama alilia kweli. Akalikamulia ndimu, akatia chumvi, akaianika kanzu juani. Baka likafifia lakini halikutoka. Kanzu nyingine ya maana baba hakuwa nayo, na ya kuazima hakutaka hata kuisikia.

Alasiri watu wakakusanyika barazani. Mimi na mama tulikuwa chumbani, dirisha nusu wazi. Shehe akamwuliza baba kwa upole, "Bwana, kanzu imepatwa na nini?"

Nilimwonea baba haya mpaka masikio yakaniwaka. Mama akawahi kusema dirishani, "Niwieni radhi, ni mimi niliyeifua vibaya."

Baba akafumbua mdomo. Nilimjua, neno la kukitetea kisima lilikuwa mdomoni tayari. Kisha akakohoa.

"Mke wangu hana kosa," akasema. "Nimeifua mwenyewe. Kisima changu kina kutu. Yeye ndiye anayeiondoa kila siku, na mimi sikutaka kuona."

Mama akaketi kitandani kando yangu, akanikataza kulia nisije nikaharibu wanja. Wake ulikuwa umeshafika mashavuni.