Pumzi ya Kumsema Mwalimu

Nikisikia harufu ya korosho zinazochomwa, narudi Masaki ya Kisarawe, shuleni, siku ya wazazi, zilipokuwa zikichomwa kando ya uwanja.

Nilikuwa na ugonjwa wa koo. Nikikimbia, nyuzi za sauti zilijibana, nikakoroma kama ninayenyongwa. Mwalimu wa michezo alisema naigiza. Alinizungusha uwanja mpaka nikaanguka, akacheka mbele ya darasa zima.

Nesi mmoja wa Kibaha ndiye aliyenifundisha kupumua. “Usigombane na hewa, mwanangu. Vuta taratibu kwa pua, kama unanusa ua. Toa kwa mdomo uliobanwa, kama unapoza uji.”

Nilifanya mazoezi kila alfajiri. Mama alidhani natafuta afya, kumbe natafuta sauti ya kumsema yule mwalimu.

Siku hiyo ya wazazi nilipewa shairi la kusoma. Sikulisoma.

“Mwalimu wa michezo alinikimbiza nikikosa pumzi,” nilianza, na koo likajifunga. Mwalimu akatabasamu. Nikavuta kwa pua, nikatoa kwa mdomo, mara nne, wazazi wote wakinisubiri. Kisha nikamalizia: “Nilipoanguka, alicheka.”

Baba alisimama. “Mwalimu, mtoto anasema kweli?”

Mwalimu alifungua mdomo, neno halikutoka. Nilimtazama akihangaika, wala sikumwonea huruma.